Sona inaonyesha samaki, ndoana ndiyo inayofunga bao

KAMA kelele za VAR zimekuchosha, subiri usikie kinachoendelea Marekani kwenye mashindano ya kuvua besi.

Besi ni samaki wa maji baridi, mwindaji, mwenye mdomo mpana na hasira za haraka. Kule Marekani wamemtengenezea ligi kabisa. Kuna wavuvi wa kulipwa, kuna wadhamini, kuna jezi zilizojaa nembo hadi mikononi, na kuna matangazo ya moja kwa moja kama ilivyo kwa soka. Na kama ilivyo kwa soka, kuna teknolojia iliyoingia na kuwagawa watu katikati.

Iko hivi. Mwaka 2018, ule ule ambao VAR ilitumika kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia kule Urusi, kampuni ya Garmin ilileta sokoni kifaa kinachoitwa LiveScope. Ni sona inayotazama mbele ya boti. Inatuma sauti majini, inasoma mwangwi unaorudi na kumchorea mvuvi picha kwenye skrini papo hapo. Anamuona samaki akiwa mita kadhaa mbele yake, anaona chambo chake kinavyoshuka, anaona samaki anavyokisogelea na hata anavyogeuka na kuondoka zake.

Tangu hapo mchezo ukabadilika. Vijana waliokulia kwenye skrini wakaanza kuwapiga bao wakongwe waliotumia miaka 30 kujifunza kusoma maji, upepo na majira. Machi 2025, kijana wa miaka 22, Easton Fothergill, alibeba Bassmaster Classic, lile shindano ambalo kwa wavuvi ni sawa na fainali ya Ligi ya Mabingwa, na akaondoka na dola 300,000.

Wenye mamlaka wakaona isiwe tabu. Ligi ya NPFL iliipiga marufuku sona hiyo kuanzia msimu wa 2025. Major League Fishing ikaamua kwenye ligi yake kubwa mvuvi aitumie katika kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku. B.A.S.S., wenye Classic yao, walianza kwa kuweka kikomo cha ukubwa wa skrini na idadi ya vifaa kwenye boti, kisha wakatangaza kwamba msimu wa 2026 baadhi ya mashindano ya Elite yatachezwa bila sona ya mbele kabisa.

Mjadala ukawaka. Upande mmoja unasema teknolojia imeua ufundi. Upande wa pili unasema dunia inasonga, anayelia abaki nyuma. Lakini katikati ya makelele hayo kuna jambo ambalo halizungumzwi sana, na ndilo linaloamua nani anapanda jukwaani na nani anarudi hotelini mikono mitupu.

Sona haivui samaki. Inamuonyesha tu. Anayemleta botini ni kipande kidogo cha chuma kilichopinda, ambacho pakiti yake inauzwa dola chache. Ni ndoana.

KUONA GOLI NA KUFUNGA NI VITU VIWILI

Shabiki wa soka hili halimpi shida kulielewa. Timu inaweza kumiliki mpira asilimia 70, ikapiga krosi 30, ikaingia kwenye boksi kila inapotaka. Kama namba 9 anatuliza mpira kwa ugoko, mechi inaisha suluhu. Sona ni kiungo anayepiga pasi ya mwisho. Ndoana ni mguu wa straika.

Na katika uvuvi wa besi, mahali ambapo hili linaonekana wazi kuliko kwingine kote ni kwenye mtindo unaoitwa dropshoti.

Dropshoti ni rahisi kuueleza. Kwenye mshipi wa kawaida uliozoeleka, risasi inakaa juu au karibu kabisa na ndoana. Dropshoti imegeuza mpangilio huo. Risasi inafungwa mwisho wa mshipi, chini kabisa, na ndoana inafungwa juu yake, umbali wa kati ya sentimita 15 na 45. Risasi inakaa kwenye tope au mwamba, chambo kinaelea juu ya sakafu ya ziwa, usawa wa macho ya samaki. Mvuvi akitikisa ncha ya fimbo kidogo tu, chambo kinacheza pale pale bila kuondoka eneo lake. Kwa samaki mvivu au mwenye machale, hiyo ni noma.

Mtindo huu ulikomaa Japani, kwenye maziwa yanayovuliwa na watu wengi, ambako samaki wameona kila aina ya mtego na hawadanganyiki kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukavuka bahari ukatua California, na kutoka hapo ukasambaa Marekani nzima. Leo hakuna mvuvi wa kulipwa anayetoka bandarini bila angalau fimbo moja iliyofungwa dropshoti. Na sona ya mbele ilipokuja, dropshoti ikawa mwenza wake wa karibu, kwa sababu inashuka wima na haraka moja kwa moja kwenye pua ya samaki aliyeonekana kwenye skrini.

Tatizo ni kwamba kila kitu kwenye dropshoti ni chembamba. Mshipi ni mwembamba, mara nyingi wa kukatikia kilo 2.7 hadi 3.6. Fimbo ni laini. Chambo ni kidogo. Hakuna nafasi ya kutumia nguvu kufidia kosa. Ukikosea ndoana, umekosea kila kitu.

GRAMU 170 ZA AARON MARTENS

Anayetaka kujua kosa moja lina bei gani amuulize historia ya Aaron Martens.

Huyu jamaa wa California alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza wa dropshoti Marekani na fundi wa mitego myepesi. Alitwaa taji la Mvuvi Bora wa Mwaka wa B.A.S.S. mara tatu, 2005, 2013 na 2015. Alifariki dunia Novemba 2021 akiwa anaheshimiwa na kila mtu kwenye mchezo huo. Lakini Classic hakuwahi kuichukua. Alimaliza wa pili mara nne.

Inayouma zaidi ni ile ya mwaka 2005 kule Pittsburgh. Mito ilikuwa migumu, samaki walikuwa wadogo na wachache. Baada ya siku tatu, Kevin VanDam alikuwa na jumla ya pauni 12 na aunsi 15, chini kidogo ya kilo 6. Martens alikuwa nyuma yake kwa aunsi sita.

Aunsi sita ni gramu 170 hivi. Ni uzito wa simu ya mkononi. Siku tatu za kazi, mamia ya mitupo, na ubingwa ukaamuliwa na uzito unaoweza kuubeba kwenye mfuko wa shati.

Kwenye mchezo wa namna hiyo, samaki mmoja anayechomoka karibu na boti ni sawa na penalti iliyogonga mwamba dakika ya 90. Kanuni zenyewe hazina huruma. Kwenye mashindano ya B.A.S.S. mvuvi anapima samaki watano tu kwa siku, wale wazito zaidi aliopata, na wanatakiwa wawe hai. Kila samaki atakayefika mizani akiwa amekufa anakatwa aunsi nne. Kwa hiyo ndoana inatakiwa ifanye kazi mbili kwa pamoja. Imshike samaki asichomoke, na imshike mahali ambapo hatakufa.

NAMBA ZISIKUCHANGANYE

Kabla ya kuchagua ndoana, lazima uzijue namba zake, kwa sababu zinawachemsha wengi.

Kwenye ndoana ndogo, namba ikipanda ukubwa unashuka. Namba 6 ni ndogo kuliko namba 4, namba 4 ni ndogo kuliko namba 2, na namba 2 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishafika 1, hesabu inageuka. Inakuja 1/0, halafu 2/0, halafu 3/0, na hapo kila namba ikipanda ndoana nayo inakua. Mvuvi wa ndoana wa Mwanza au Kisumu anaujua utaratibu huu vizuri, maana hata huko ndoana zinaitwa kwa namba.

Uwanja wa dropshoti uko katikati ya namba 4 na 2/0. Chini ya hapo ndoana inakuwa ndogo mno kwa mdomo wa besi. Juu ya hapo inakuwa nzito, inakizamisha chambo na kuua kile kinachoifanya dropshoti iwe dropshoti.

Ndani ya uwanja huo, uchaguzi unaamuliwa na mambo matatu: chambo kinachovikwa, mahali panapovuliwa na nguvu ya mshipi na fimbo.

CHAMBO KWANZA, NDOANA BAADAYE

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua ndoana kabla ya kujua chambo. Ni sawa na kocha anayesajili winga watatu wakati mfumo wake hauna winga.

Kama chambo ni kisamaki cha plastiki cha urefu wa sentimita 6 hadi 8, kinachochomwa puani tu na kuachwa kinaning'inia, ndoana ya namba 2 au namba 1 inatosha. Maji yakiwa maangavu mno na samaki wakiwa na machale, namba 4 nayo inaingia uwanjani. Ndoana ya kazi hii ni fupi shingo, mdomo wake mpana, na ncha yake imeelekea ndani kidogo. Umbo hilo linaifanya ijizungushe yenyewe ndani ya mdomo wa samaki na kukamata pembeni ya taya.

Kama chambo ni mnyoo wa plastiki unaochomwa katikati, ncha zote mbili zikibaki zinacheza, namba 1 au 1/0 inafaa zaidi. Mnyoo huo ukikunjika samaki anapouuma, ndoana ndogo inafunikwa na plastiki na ncha haimfikii.

Kama ni mnyoo mrefu wa sentimita 15 hivi, unaovikwa kwa kunyooka huku ncha ya ndoana ikifichwa ndani ya mwili wake, hapo inatakiwa 1/0 au 2/0 yenye shingo ndefu zaidi. Shingo fupi haitaushika mnyoo vizuri, utateleza na kujikusanya baada ya mitupo miwili.

Kipimo cha haraka ni nafasi iliyopo kati ya ncha na shingo ya ndoana. Ukishavika chambo, nafasi hiyo lazima ibaki wazi vya kutosha kushika nyama ya taya. Plastiki ikiijaza, samaki atauma, atavutwa, atafungua mdomo na kuaga.

UWANJA UNA NYASI AU HAUNA?

Jambo la pili ni mahali. Mchezaji hachagui njumu kabla ya kuukagua uwanja. Njumu ndefu zinamsaidia kwenye matope na zinamuumiza kwenye nyasi bandia.

Kwenye maji ya wazi, yenye mchanga au miamba na yasiyo na majani, ncha ya ndoana iachwe wazi. Inagusa, inaingia. Mfano mzuri ni Mto St. Lawrence, mpakani mwa Marekani na Canada, makazi ya besi mdomo mdogo. Julai 2022, Jay Przekurat akiwa na miaka 23 alishinda hapo kwa jumla ya pauni 102 na aunsi 9, zaidi ya kilo 46 kwa siku nne, na akawa mtu wa kwanza kuvuka pauni 100 kwenye mashindano ya Elite kwa besi mdomo mdogo pekee. Kwenye maji maangavu kama yale, ndoana ndogo iliyo wazi kwenye pua ya chambo ni silaha ya kila boti.

Sasa mchukue mvuvi huyo na ndoana yake hiyo hiyo umpeleke Ziwa Guntersville, Alabama, ambako majani ya majini yametanda eneo kubwa. Siku nzima atakuwa anavua mboga. Hapo ncha lazima ifichwe ndani ya mnyoo, ndoana ipande hadi 1/0 au 2/0, na mshipi uwe mnene zaidi kidogo. Hapati tena uingiaji wa haraka wa ncha iliyo wazi, lakini chambo chake kinafika mahali samaki alipo.

Ndiyo maana swali la "ndoana gani ni bora?" halina jibu la moja kwa moja. Ni kama kuuliza mfumo gani ni bora, 4-4-2 au 4-3-3. Inategemea unacheza na nani na uwanja gani.

WAYA MNENE HAUNA MAANA YA NGUVU

Jambo la tatu ndilo linalowaponza hata wazoefu. Watu wengi wanaamini ndoana ya waya mnene ni salama zaidi kwa sababu haikunjuki. Kwenye mshipi mnene na fimbo ngumu, hilo ni kweli. Kwenye dropshoti ni mtego.

Waya mnene unahitaji nguvu kubwa ili ncha ipenye na kupita kile kijino cha nyuma yake kinachozuia samaki kuchomoka. Fimbo laini yenye mshipi wa kukatikia kilo 3 haiwezi kutoa nguvu hiyo. Mvuvi akivuta kwa hasira, mshipi unakatika. Akivuta kwa upole, ncha inaishia nusu, samaki anaruka juu ya maji, anatikisa kichwa na mchezo umeisha.

Waya mwembamba unapenya kwa presha ndogo. Ndiyo sababu ndoana nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mtindo huu, zikiwemo za Gamakatsu na Owner za Japani, ni nyembamba na zenye ncha kali sana. Bei yake ni kwamba zinaweza kufunguka samaki mkubwa akivutwa kwa pupa. Kwa hiyo breki ya rili inalegezwa kidogo ili samaki akikimbia mshipi umfuate, na mvuvi anakuwa na subira.

Hapa pia ndipo mbinu ya kumkamata inapobadilika. Wanaoanza hupenda kunyanyua fimbo juu kwa kishindo wakisikia mguso, kama beki anayeupiga mpira jukwaani. Kwenye dropshoti mafundi wanazungusha rili hadi mshipi ukaze, kisha wanaegemeza fimbo upande mmoja taratibu. Ndoana inafanya kazi iliyobaki. Anayepiga kishindo anakinyofoa chambo mdomoni mwa samaki kabla hajakifunga vizuri.

Halafu kuna ukali wa ncha. Ndoana iliyoburuzwa kwenye miamba asubuhi nzima haifai tena mchana, hata kama kwa macho inang'aa. Jaribio lake ni jepesi: ncha inaburuzwa taratibu juu ya ukucha. Ikikwama, bado inafaa. Ikiteleza, itupwe. Kuing'ang'ania ndoana butu kwa kubana matumizi huku unapigania dola 300,000 ni ushabiki wa hasara.

FUNDO NALO NI MCHEZAJI

Ndoana nzuri iliyofungwa vibaya inacheza kama mchezaji mzuri aliyepangwa namba siyo yake.

Fundo la dropshoti linaitwa Palomar. Mshipi unakunjwa mara mbili, unapitishwa kwenye tundu la ndoana, unafungwa fundo la kawaida, kisha kitanzi kinachobaki kinavushwa juu ya ndoana nzima na kukazwa. Siri iko mwishoni. Mkia wa mshipi, ule utakaokwenda kubeba risasi, unarudishwa tena kwenye tundu kutokea upande iliko ncha. Mshipi ukikaza, ndoana inasimama wima na mshipi kama mkono ulionyooshwa, ncha ikitazama juu. Ukiruka hatua hiyo, ndoana inalala kwenye mshipi na samaki anauma upande usio na ncha.

Tatizo jingine ni mshipi kujisokota. Chambo kinachozunguka wakati wa kurudishwa kinausokota mshipi mwembamba hadi unajifunga mafundo wenyewe. Kwa ajili hiyo zipo ndoana zenye viungo vinavyozunguka juu na chini yake, kama Spinshot za VMC, kampuni yenye asili ya Ufaransa. Zinapunguza kusokota, lakini zinaongeza uzito na chuma kinachoonekana majini. Kwa mnyoo uliochomwa katikati, unaozunguka sana, zinalipa. Kwa kisamaki kilichochomwa puani kwenye maji maangavu, ndoana ya kawaida bado ina nafasi yake kikosini.

UHAI WA SAMAKI NAO UMO

Tangu mwaka 1972, mwanzilishi wa B.A.S.S., Ray Scott, alipoanza kampeni ya kuwataka wavuvi wawaachie samaki wakiwa hai, besi wa mashindano wamekuwa wakirudishwa majini. Major League Fishing wao, kwenye ligi yao kubwa, wanapima samaki pale pale botini na kumuachia papo hapo.

Mfumo huo unasimama au kuanguka na ndoana. Inayokamata pembeni ya mdomo inatolewa kwa sekunde chache na samaki anaondoka. Inayomezwa hadi kooni inaleta damu, na damu mara nyingi inaleta kifo. Ndoana ndogo mno kwa chambo kikubwa inamezwa kirahisi. Anayechelewa kuhisi mguso naye anampa samaki muda wa kumeza. Kwa hiyo anayechagua vibaya anaadhibiwa kwenye mizani, na ziwa analolitegemea msimu ujao linaadhibiwa pamoja naye.

NANI ANANUFAIKA SONA IKIZIMWA?

Hapa ndipo mjadala wa sona unaporudi, na hapa ndipo pesa inapoingia.

Kuifunga boti mfumo kamili wa sona ya mbele, pamoja na skrini na betri zake, kunagharimu maelfu ya dola. Kijana asiye na mdhamini anaanza mechi akiwa nyuma mabao mawili. Kanuni mpya zinapunguza pengo hilo, ingawa haziliondoi, kwa sababu boti, mafuta na usafiri bado ni mzigo.

Ila sona inapozimwa, mvuvi anapoteza kitu kimoja kikubwa: nafasi ya kurudia. Mwenye skrini akimkosa samaki mmoja, anageuza boti na kumtafuta mwingine aliyemuona. Asiye na skrini anategemea kumbukumbu, uzoefu na mguso wa mkono. Miguso kwa siku inakuwa michache, na kila mmoja unapanda thamani. Timu inayopata nafasi mbili tu kwa mechi haiwezi kuishi na straika anayehitaji nafasi tano.

Ndiyo maana wanaosema kuzuia sona kutawarudisha wakongwe kileleni wanaharakisha. Ukongwe peke yake haufungi bao. Atakayenufaika ni yule anayebadili ndoana kabla ya kubadili eneo, yaani anayejua kwamba samaki watatu waliochomoka mfululizo siyo mkosi. Ni ujumbe. Labda plastiki imejaza mdomo wa ndoana, labda waya ni mnene, labda ncha imekwisha. Kijana wa miaka 22 anaweza kulijua hilo kama mzee wa miaka 60. Fothergill na wenzake hawakushinda kwa kuangalia skrini peke yake. Waliowaona samaki walikuwa wengi, waliowafikisha mizani walikuwa wachache.

NAIVASHA NAO WAMO

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayedhani haya ni mambo ya Wazungu tu, besi ana ukaazi huku tangu zamani. Besi mdomo mkubwa aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ameishi humo karibu karne nzima, akipitia ukame, maji kupanda na kushuka, magugu maji, na ujio wa karpi miaka ya mwanzo ya 2000 ambaye baadaye alitawala nyavu za wavuvi.

Naivasha haifanani na Mto St. Lawrence. Maji yake ni ya rangi, kingo zimejaa mafunjo na magugu. Kwa kanuni zile zile za ndoana, huo ni uwanja wa ncha iliyofichwa, 1/0 au 2/0, mnyoo mrefu na mshipi wenye nguvu kidogo. Anayeiga video za maji maangavu ya kaskazini na kwenda huko na namba 4 iliyo wazi, ataondoka na magugu. Na kwa kuwa wengi huku wanavua bila sona ya aina yoyote, wao wanaishi tayari kwenye mchezo ambao Wamarekani wanajaribu kuurudia kwa kanuni.

Msimu wa mashindano yasiyo na sona utakapokolea, macho ya watangazaji yatakuwa kwenye skrini zilizozimwa na majina ya wakongwe. Anayetaka kuujua mchezo aangalie mahali pengine. Aangalie mvuvi anafanya nini baada ya samaki wa kwanza kuchomoka. Akirusha tena ndoana ile ile mahali pale pale, huyo anasubiri bahati. Akikaa chini, akaikata, akaiburuza ncha kwenye ukucha na kufunga nyingine, huyo ndiye wa kumwekea jicho hadi jioni ya mizani.